Wingu la Chini ya Ngazi

Mtu wa kawaida akimsikia dada yake analalamika juu ya kazi, humwambia pole. Mtelezo alipomsikia wake, aliacha kutafuna.

"Hebu rudia hapo," alisema. "Mkurugenzi anataka nini?"

"Skrini," dada yake akajibu, huku anavua viatu vilivyomchosha kuliko kazi yenyewe. "Skrini kubwa pale ukumbini, ionyeshe kila idara inatumia wingu la kampuni kiasi gani, na bili yake imefika wapi. Kila fundi anayekuja kuifunga hafai. Eti wanauliza maswali."

"Maswali gani?"

"Ya kazi."

"Ndio wanaoharibu soko hao," Mtelezo alisema kwa uchungu, na mkono wake ukaivuta sahani ya dada yake upande wake, kwa bahati mbaya.

Tumweleze huyu bwana sasa hivi, kabla hajavaa suti, maana akishavaa suti hata sisi tutamwamini. Mtelezo lilikuwa jina la mtaani, alilopewa kwa sababu maneno yake yalikuwa kama sakafu iliyomwagiwa sabuni: ukikanyaga tu, unajikuta uko upande wake. Aliwahi kuuza chujio la unga kama mtambo wa kusafisha maji. Aliwahi kuuza nafasi katika foleni ambayo mbele yake hapakuwa na dirisha lolote. Kwa sasa alikuwa analala kwenye kochi la dada yake mkubwa, "kwa muda", na ule muda ulikuwa umeshaota ndevu.

Dada mtu alikuwa msimamizi wa Idara ya Malalamiko katika kampuni moja kubwa. Idara hiyo ni wale watu wanaopokea simu kutwa nzima na kutukanwa kwa makosa ya watu wengine. Mshahara wao ndio uliokuwa mdogo kuliko wote pale, jambo ambalo halikumshangaza yeyote isipokuwa wao wenyewe, kila mwisho wa mwezi.

Na lile wingu? Usitazame juu. Lilikuwa chini ya ngazi, katika chumba chenye baridi kama mochari, makabati meusi yamepangwa ukutani yanakonyezana kwa vitaa vya kijani. Kampuni ilikuwa imenunua mashine zake yenyewe ili isikodi za watu. Humo kila idara ilihifadhi mambo yake na kufanyia kazi zake, na kila idara ilitakiwa ilipie kadiri ilivyotumia. Kulikuwa na tatizo dogo tu: tangu mashine ziwashwe, hakuna jicho la binadamu lililowahi kuiona hiyo bili.

*

Kesho yake Mtelezo aliingia kwa Mkurugenzi na suti ya marehemu shemeji yake.

"Umesomea wapi mambo haya?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mheshimiwa, ungeniuliza nimefundisha wapi, tungeokoa muda."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa shingo fupi na sentensi fupi. Alipenda jibu lile. "Na hizo namba zako nitaziaminije?"

Mtelezo akasogea mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ukoo. "Namba hazina ndugu, Mheshimiwa. Hazina shangazi, hazina mjomba. Zikipanda, zimepanda. Mwanadamu ndiye mwenye aibu."

"Hazina ndugu," Mkurugenzi akarudia, akalilamba lile neno kama asali. Kisha akafunga mlango. "Sikiliza. Wenye mali wanataka tupunguze gharama. Lazima nifunge idara moja. Mimi nikisema ni ipi, watasema nina chuki. Skrini ikisema, nani atagombana na kioo? Idara yenye mstari mrefu kuliko zote, inakwenda. Nimeshawaandikia Bodi, na wamekubali."

"Hekima tupu," Mtelezo alisema, ingawa alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa anakadiria urefu wa meza ili ajue urefu wa malipo. Wakapatana: nusu ya kuanzia, na nusu iliyonona siku Bodi itakapokaa mbele ya skrini na kuridhika.

Hapa msomaji mwenye kumbukumbu na anikumbushe kama nimesahau. Si wenye mali walianza na mizani? Mizani haidanganyi, wakasema, na chini ya sahani yake kulikuwa na jiwe. Ikaja saa ya ukutani. Saa haidanganyi, wakasema, nayo ilikimbia asubuhi na kuchechemea jioni. Kila zama mwenye mali hununua chombo kimoja kisicho na ndugu, na kila zama chombo hicho hujikuta kinafanana naye kama mtoto wa kumzaa.

*

Mtelezo alishuka chini ya ngazi kumtafuta Mkuu wa Mitambo, mzee mpole aliyevaa koti la baridi mwaka mzima.

"Nimekuja kuchukua data za bili," Mtelezo akasema. "Nizionyeshe kwenye skrini."

Mkuu wa Mitambo akamtazama kwa muda, kisha akatazama makabati yake, kisha mlango.

"Umetumwa?"

"Nimeajiriwa."

"Basi mwanangu, mimi na wewe tuheshimiane. Kile kipimo cha matumizi kilizimika siku tuliyokiwasha. Kila mwezi nikiulizwa, nasema kinaandaliwa. Imebaki kidogo tu nistaafu." Akamshika bega. "Wewe onyesha unachoonyesha. Mimi sitasema sicho. Na wewe usiseme sina."

"Mzee wangu," Mtelezo alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kutoka moyoni, "kumbe hapa nimefika nyumbani."

Lakini furaha ya tapeli ina mwiba wake. Namba za kubuni humchosha mtazamaji. Hupanda na kushuka kama mtu anayeigiza degedege. Mtelezo alitaka namba zinazopumua, zinazoamka asubuhi na kuchoka jioni. Basi akaenda kantini kufikiri, kwa kuwa fikra njema huhitaji chai ya kukopa. Hapo ndipo alipoziona.

Kila mfanyakazi aliyefika dirishani aligusisha kadi yake kwenye kimashine. Kimashine kikalia *ti*, na chai ikahesabiwa kwenye fungu la idara yake, ikakatwe huko mwisho wa mwezi. Idara zote zilikuwa mle, kila moja na jina lake. Namba zilikuwa hai. Na neno la siri la kimashine lilikuwa limebandikwa usoni pake kwa karatasi ya gundi, kwa hati nzuri ya mama wa kantini.

"Mama," Mtelezo aliuliza kwa upole, "kimashine chako kina matatizo?"

"Hakijawahi."

"Nitakikagua hata hivyo. Bure."

Kabla ya juma kwisha, skrini iliwaka ukumbini. Programu ya kuchora mistari aliitoa mtandaoni bila kulipa. Rangi alichagua mwenyewe, na kusema kweli alikuwa na jicho la rangi. Juu yake iliandikwa MATUMIZI YA WINGU KWA IDARA, na chini yake mistari ya bluu, kijani na zambarau ikawa inarefuka mbele ya macho ya watu.

"Angalieni!" Mkurugenzi alisema, mikono nyuma. "Saa nne kasoro wingu limelala. Saa nne, linaamka lote kwa pamoja! Hiyo ndiyo nidhamu ya kazi."

"Na mchana, Mheshimiwa," Mtelezo akaongeza, "utaona kilele."

Mchana kilele kikaonekana. Watu wazima wakapiga makofi.

Mstari wa Malalamiko ndio uliokuwa mrefu kuliko yote. Utasemaje na watu waliokasirika tangu asubuhi bila kulainisha koo? Mstari wa Ofisi ya Mkurugenzi ulikuwa sifuri kabisa, umelala chali kama mtakatifu, kwa kuwa Mkurugenzi na wageni wake walikunywa chai ya birika lao wenyewe, ghorofa ya juu, lenye mdomo uliopinda kama wa bata.

"Mfano wa kuigwa," Mtelezo alisema. Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu uliomgharimu.

*

Kisha wakaja wakuu wa idara, mmoja mmoja, kila mmoja kwa bahati tu anapita karibu na meza ya Mtelezo.

"Mtaalamu," Mkuu wa Mauzo alinong'ona, "huu mstari wangu haujavimba kidogo?"

"Vipimo vipya huwa na homa, ndugu yangu. Vinahitaji kurekebishwa."

"Na kurekebisha…"

"Ni kazi ya mikono. Mikono hula."

Bahasha ikatua. Mtelezo akagusa kitufe kwenye kompyuta yake ya mkononi, na chai ya Mauzo ikaanza kugawanywa kwa mbili. Uhasibu nao wakaja. Ghala wakaja. Ni Malalamiko tu hawakuja, kwa sababu hawakuwa na cha kutia kwenye bahasha.

Mambo yangeenda hivyo hadi malipo ya mwisho, kama gesi ya kantini isingekwisha.

Siku hiyo hapakuwa na chai. Mistari yote ililala sakafuni asubuhi nzima. Mkurugenzi akatoa tangazo la kuwapongeza wafanyakazi kwa "siku ya kubana matumizi ya wingu", na dada yake Mtelezo, aliyekuwa amesimama ukumbini na kikombe kitupu, akaitazama skrini, akakitazama kikombe, akaitazama skrini tena.

Kesho yake gesi ilirudi. Dada akamweka mwenzake mmoja mbele ya skrini, mwenyewe akateremka kantini, akaagiza sinia zima kwa kadi ya idara. *Ti, ti, ti, ti.*

"Imeruka kama panzi!" mwenzake alimwambia kwa simu.

Dada akakata simu. Alikunywa chai yake taratibu, hadi majani ya chini.

Jioni alimkuta mdogo wake amejinyoosha kwenye kochi.

"Mtelezo. Ile ni chai."

"Ipi?"

"Usinifanye mteja wako. Nimekuosha makamasi mimi. Lile wingu lenu ni chai."

Mtelezo akakaa vizuri. Alijua watu wa kuwadanganya, na huyu hakuwa katika orodha. "Sasa dada, ningefanyaje? Bili yenyewe haipo. Na Mkurugenzi hataki bili, anataka mstari. Nimempa mstari."

"Idara yenye mstari mrefu inafungwa. Unajua?"

"Nilisikia."

"Na mrefu ni wetu. Watu wangu wale wote, na mimi ninayekulisha, tunafukuzwa kazi kwa kunywa chai."

"Dada…"

"Upunguze."

Mtelezo akawa anapekua mto wa kochi kama aliyeangusha kitu. "Siwezi. Nikiupunguza wenu, wa Mauzo unakuwa mrefu, na Mauzo wameshalipa. Lazima mtu awe wa mwisho. Halafu Mkurugenzi mwenyewe ameupenda ulivyo. Bodi inakaa Ijumaa. Nikipokea nusu iliyobaki nakulipia kodi ya nyumba mwaka mzima, haki ya Mungu. Utapumzika."

Dada akasimama katikati ya chumba. "Unamkumbuka mama alivyorudi siku ile? Kutoka kule kwenye banda la kuchambua pamba?"

"Dada, usianze."

"Walimwambia vikapu vyake ni vyepesi. Mizani imesema. Mama akaamini mizani, ikawa anajipima mikono yake mwenyewe usiku kama imepungua. Tuliposikia habari za jiwe, alikuwa keshazikwa. Mimi miaka yote hii simlaani mwenye banda, huyo namjua. Namlaani fundi aliyeingia chini ya ile sahani. Najiuliza, hivi yule hakuwa na dada?"

Mtelezo akaugeuza ule mto, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Sawa, mdogo wangu," dada akasema kwa sauti laini, akaenda kulala.

Laiti Mtelezo angekumbuka! Dada huyu akipiga kelele, hewa huwa safi. Akisema "sawa", hata paka hutafuta dirisha. Lakini Mtelezo alisikia ile sawa kama watu wa aina yake wanavyosikia kila kitu, yaani kama risiti.

*

Ijumaa Bodi ilikaa. Mwenyekiti wake alikuwa bibi mnene mwenye mkoba mkubwa wa ngozi, aliyerithi hisa kwa mume na mashaka kwa mama. Skrini ilikuwa imeunganishwa hadi chumba cha mkutano. Nyuma, kando ya ukuta, walisimamishwa wawakilishi wa idara, waje wasikie hukumu kwa masikio yao. Dada wa Mtelezo alikuwamo, ameshika kikombe.

Mtelezo alikuwa na siku njema. Siku njema humfanya tapeli aongeze chumvi.

"Ili pasiwe na mtu wa kusema kuna mkono ndani ya namba hizi," alitangaza, "kompyuta inayoendesha skrini naikabidhi kwako, Bibi Mwenyekiti. Asiiguse mtu."

Bibi akaipokea, akaiweka mezani mbele yake, akaweka mkoba wake juu. Ule mkoba haukuwa wa kusogezwa na mtu mmoja.

"Namba hazina ndugu," Mkurugenzi akaanza hotuba. "Hazina shangazi, hazina…"

"Chai haijaja?" Bibi akauliza.

Katibu wa Mkurugenzi, mwanamke mkimya ambaye kwa miaka alikuwa anaitwa kwa kengele, akaingia na uso wa msiba. "Samahani, Bibi. Birika letu limekufa ghafla asubuhi hii. Tumeagiza kantini, kwa kadi ya ofisi."

Sinia zikaingia. Mtelezo alipokea kikombe chake, akashukuru, akanywa. Alikuwa keshameza ndipo ulimi ukamwuliza: *kwa kadi ya ofisi ipi?*

Akainua macho. Ule mstari uliokuwa umelala chali tangu kuzaliwa ulikuwa umejiinua kiwiko.

Chini huko, kadi ya Ofisi ya Mkurugenzi, ambayo katibu aliisahau dirishani kwa makusudi, ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Malalamiko walikuwa wamepiga foleni, wametulia kama watu wa ibada. Nyuma yao Usafi, nyuma yao madereva, nyuma yao hata Ghala. "Leo mkubwa anatukaribisha," mama wa kantini alikuwa anasema, na kimashine chake kinaimba. *Ti, ti, ti.* Waliokunywa walirudi nyuma ya foleni. Kulikuwa na watu ambao hawajawahi kunywa chochote cha Mkurugenzi, na walikuwa na kiu ya miaka.

"Huo mstari mwekundu ni wa nani?" Bibi Mwenyekiti akauliza. Ulikuwa umeipita Uhasibu.

"Ni… kuna hitilafu," Mkurugenzi akasema.

Ukaipita Mauzo. Ukaikuta Malalamiko, ukasimama nayo bega kwa bega kama unaisalimu, ukaipita.

"Hitilafu!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Mtaalamu! Waeleze!"

Mtelezo aliitazama kompyuta yake, ikamtazama kutoka chini ya ule mkoba. Vitufe vyake vyote vilikuwa mle, vimelaliwa na ng'ombe mzima aliyegeuzwa ngozi.

"Labda Bibi, kama ungeusogeza mkoba kidogo tu…"

"Ulisema asiguse mtu." Bibi akavua miwani. "Kijana, mimi nina swali moja. Mkurugenzi ametutumia picha za skrini hii, anatuambia kwa skrini hii tufukuze watu. Skrini hii ni ya kweli au ya uongo?"

Mtelezo akapiga hesabu. Akisema ni ya uongo, ataulizwa ni nini basi, na jibu lilikuwa linafuka moshi mbele ya kila mjumbe. Kutoka hapo hadi polisi ni mwendo wa miguu. Akisema ni ya kweli, anamzika mtu aliyeshika nusu ya malipo yake. Akageuza macho nyuma, ukutani. Dada yake alikuwa anapuliza kikombe, bila haraka, kama mtu anayesubiri simu ishike.

"Ni ya kweli," Mtelezo akasema, sauti imemtoka kama sarafu ya mwisho.

"Tulikubaliana idara yenye mstari mrefu inafungwa." Bibi akageukia wenzake, vichwa vikaitikia. Wenye mali hawakuona huruma siku ile, tusije tukawasingizia. Walidanganywa tu kwa upande wa pili. "Na mkataba wa skrini uko chini ya idara gani?"

"Ofisi ya Mkurugenzi," katibu akajibu upesi, na huo ulikuwa wimbo wake wa kwanza bila kengele.

"Basi nao."

*

Wakuu wa idara walimngoja Mtelezo kwenye ngazi. Hawakuwa na ugomvi naye, walitaka bahasha zao tu. Alipowamaliza, mifuko ya suti ya shemeji ilikuwa safi kama siku ya kushonwa.

Akatembea hadi nyumbani akijifariji kwamba kochi lipo. Kwenye kona ya nyumba akaliona begi lake. Lilikuwa limekaa nje ya mlango, limefungwa zipu vizuri, na juu yake kimewekwa kikombe chenye kifuniko. Juu ya mlango wenyewe, kwa chaki ya cherehani, ilichorwa mistari minne. Wa kwanza ulikuwa wa dada. Wa pili wa wanawe. Wa tatu, mfupi kabisa, wa paka. Wa nne ulianzia chini kwenye kizingiti, ukapanda mlango wote, ukaruka fremu, ukaendelea ukutani hadi mkono wa dada ulipokoma kufika, na kando yake paliandikwa: ANAYELALA SEBULENI.

Akagonga. "Dada! Dada, mimi ni mdogo wako!"

"Namba hazina ndugu," sauti ikajibu kutoka ndani.

Akakaa juu ya begi. Baada ya muda, kwa kuwa jua lilikuwa kali na suti ilikuwa nzito, akafunua kikombe. Ilikuwa chai, bado ya moto, na sukari alivyoipenda tangu utotoni. Akanywa mkupuo mmoja, kisha hofu ya mtu wa fani ikamrudia.

"Dada," akauliza kupitia tundu la ufunguo, "hii imeandikwa kwa nani?"

"Kunywa tu," dada akasema. "Ile kadi wamesahau kuizima."